Aliyeshika Hendeli

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kwenye mkutano wa chama chao cha akiba, katika hoteli moja pale Makutano. Alisema kutakuwa na chai na maandazi, na mtu kutoka Nairobi atakayewafundisha namna ya kuifanya kampuni idumu. Chai ilikuwapo. Mtu wa Nairobi naye alikuwapo, suti ya buluu, viatu vya kung'aa, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba kampuni za wazee wetu, zile zilizoanzishwa baada ya vita vya Burma, zilikufa zote kwa sababu wazee hawakusoma. Hawakujua uongozi ni nini, akasema. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha adabu.

Nilitaka kusimama nimwulize yeye baba yake alisomea wapi. Mjukuu alinishika mkono. "Nyanya, tafadhali," akasema. Nikakaa, nikanywa chai yao. Lakini hasira niliyoimeza siku ile haijashuka, na kwa kuwa hakuna wa kunishika mkono hapa, nitasema.

Kampuni yetu haikufa kwa kukosa shule. Nilikuwapo ilipokufa. Nilikuwa mama wa mtoto mmoja, mume wangu alikuwa amechukuliwa kwenye lori la serikali nami nimerudi kwa baba, na niliiona kampuni ikinyongwa mchana kweupe na watu waliojua vizuri sana walichokuwa wakifanya. Na nikisema watu, baba yangu mzazi yumo.

Baba alirudi kutoka vitani na koti la jeshi, kikohozi, na mawazo mengi. Yeye na wenzake wa tuta letu, ule mgongo wa kilima tulioishi, wengine askari wa zamani kama yeye, wengine wakulima tu, waliuza mbuzi, wakachanga, wakanunua mashine ya kusagia iliyokwisha kutumika, ile ya dizeli yenye gurudumu zito na mkanda mrefu. Mzee mmoja Mwislamu wa Meru mjini, mwenye lori, ndiye aliyewaletea. Alipokwisha kuiteremsha akajifuta jasho, akamwambia baba, "Mzee wangu, dizeli mtapata. Spea mtapata. Hawa jamaa zenu je, mtawafanyaje?" Baba akacheka, akamkaribisha uji. Lakini lile swali lilimkaa rohoni.

Wakakaa kikao, wanahisa wote, baba akiwa mwenyekiti, nyuma ya kibanda cha mabati walichokijenga sokoni. Kanuni mbili zilipita upesi. Mashine inunuliwe dizeli na oili yake kabla mwenye hisa yeyote hajatia kitu mfukoni. Na foleni ni moja, hata mke wa mwenyekiti asimame nyuma ya aliyemtangulia. Hayo hayakuwa na ubishi. Ubishi ulikuja kwenye hendeli.

Mashine ile haikuwashwa bila hendeli. Ni chuma kilichopinda mara mbili, kizito, unakichomeka ubavuni mwa mashine, wanaume wawili wanazungusha mpaka ishike moto. Bila hendeli ile mashine ni jiwe. Kwa hiyo aliyekuwa na hendeli nyumbani kwake ndiye aliyekuwa na kampuni, na wazee, hao wasiosoma, waliliona hilo kabla ya kununua hata debe la kwanza la dizeli. Swali likawa ilale kwa nani.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwetu Meru kuna kitu kinaitwa gichiaro. Ni udugu wa kiapo baina ya ukoo na ukoo, kiapo walicholishana mababu ambao hata makaburi yao hatuyajui. Mtu wa gichiaro chako humdanganyi, humdhuru, na akikuomba kitu humnyimi. Akimtaka fahali wako wa pekee, unamfungulia. Ukimnyima, hakuna haja ya mchawi. Ubaya utakufuata wenyewe, na baada yako watoto wako. Mimi nimebatizwa, naimba kwaya, na mpaka leo nikiona sokoni mtu wa gichiaro chetu na nimebeba kitu ninachokipenda, napita njia ya nyuma. Siudharau udugu huo. Umezuia damu nyingi. Lakini wazee walijua kwamba kitu ambacho hakiwezi kunyimwa mtu hakiwezi kuwa cha kampuni.

Basi wakaanza kuchambuana kama maharagwe. Huyu ana gichiaro upande wote wa ng'ambo ya mto, hafai. Huyu hana, lakini rika lake wote ni walevi na hawezi kuwanyima marika. Yule ana wakwe wengi, na mkwe naye utamwambia nini? Walizunguka hivyo mpaka jua likaelekea mlimani, hakuna mwanamume aliyebaki. Ndipo mmoja akasema, kwa mzaha nafikiri, "Mpeni yule mke wa mwenyekiti. Yeye si wa hapa."

Ni kweli mama hakuwa wa hapa. Alizaliwa Embu, akaolewa kwetu, na mpaka anazeeka Kimeru chake kilikuwa na mwendo wa Kiembu uliowachekesha watoto. Ukoo wa kwao haukuwa na kiapo na mtu yeyote wa tuta letu. Mzaha ukageuka kuwa hoja. Wazee wakaamua kwamba kwa habari ya hendeli mama atahesabiwa mtoto wa kwao, si mke wa mtu, na baba akaapa mbele yao kwamba hatamwomba kamwe. Mama hakuulizwa. Aliletewa chuma nyumbani akaambiwa akitunze. Akakitazama, akauliza, "Na nikisema hapana, ni hapana?" Wakamwambia ndiyo. "Haya," akasema, akakitundika juu ya meko.

Kujaribiwa, alijaribiwa na baba mwenyewe. Tulipata wageni jioni moja, watu wa heshima kutoka mjini, na unga ulikuwa umekwisha. Baba akaja jikoni, akakohoa, akasema labda fundi angeweza kuiwasha mara moja tu, debe moja, kwa ajili ya wageni. Mama alikuwa akimenya nduma. Hakuinua hata uso. "Mashine imelala," akasema. Wageni wakala nduma, baba akala nduma na hasira, na kesho yake habari ikaenea sokoni kwamba mke wa mwenyekiti amemnyima mwenyekiti. Watu walimcheka baba mpaka akakoma kukasirika, akaanza kusimulia yeye mwenyewe. Na kutoka siku ile wanawake walikuja kusaga kutoka matuta ya mbali, wakapita mashine nyingine njiani, kwa sababu kwetu foleni ilikuwa foleni. Mtu wa suti ya buluu anieleze hilo ni la chuo gani.

Fundi wa mashine alikuwa mtu wa upande wa Kiambere kule Mbeere, mwembamba, aliyewahi kuendesha malori ya jeshi. Alikuja asubuhi kuchukua hendeli, akairudisha jioni. Hakuwa na shamba kwetu, hakuwa na mke kwetu, alikodi chumba nyuma ya duka. Mashine ilisaga, ikapumzishwa adhuhuri, ikabadilishwa oili, na wanahisa wakapata chao, si kingi, lakini walipata. Mkumbuke hilo. Tulikuwa na kampuni iliyosimama.

Kisha ikaja Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni. Sitaki kuisimulia yote, imesimuliwa na wengi, na wengine wao hawakuwepo. Nitasema tu ilivyotugusa sisi wa foleni. Tulihamishwa matutani tukafungiwa kijiji kimoja, nyumba zimebanana, uzio na handaki kuzunguka, na lango lenye homugadi, askari wa kwetu wenyewe walioshikishwa bunduki na serikali. Asubuhi filimbi inalia, wanawake wote tunapelekwa mpakani mwa msitu kuchimba lile handaki kubwa la kuwazuia wapiganaji waliokuwa msituni wasishuke kutafuta chakula. Tulichimba na watoto migongoni. Tukirudi jua limekwisha geuka, na kabla halijazama lango linafungwa. Katika huo mwanya mdogo utafute kuni, maji, mboga, upike, unyonyeshe. Mahindi ya kusaga kwa jiwe hayakuingia katika mwanya huo. Mashine ndiyo iliyotuokoa. Ilikuwa pale sokoni, nje kidogo ya lango, na ukiwahi foleni uliondoka na unga laini, wewe mwenyewe ungali na nguvu ya kuwasha moto.

Na mimi nilihitaji unga laini kuliko wengi. Handaki lilikuwa limenikausha maziwa. Binti yangu alivuta ziwa akalia, akavuta akalia, na kilichomweka hai kilikuwa uji, mwepesi, wa unga uliosagwa ukasagika. Nilipoupika kwa unga wa jiwe, wa haraka, wenye chenga, tumbo lilimwendesha. Kwa hiyo mtu akinitajia kampuni na faida, mimi naona kile kibakuli.

Serikali ikatuwekea hedimani wa kijiji. Alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto, mnene, mpole wa sauti, anayekuita kwa jina la heshima huku anakupeleka kuchimba. Na alikuwa gichiaro cha baba. Siku ya kwanza alipokuja sokoni na gunia lake alikwenda moja kwa moja mbele ya foleni. Mama, ambaye siku hizo alikuwa akija kuhakikisha mashine inazimwa kwa wakati, akamwonyesha mwisho wa mstari. Hedimani akacheka. "Mama, mimi ni gichiaro cha mzee wako."

"Najua," mama akasema. "Mzee yuko nyumbani. Foleni iko pale."

Watu wakatazama chini. Hedimani akaenda akasimama nyuma. Alisimama mpaka zamu yake ikafika, anatabasamu muda wote, na nadhani ni katika kusimama pale ndipo alipoamua.

Haukupita muda mrefu bibi yangu, mama yake mama, akaugua kule Embu. Kwenda Embu wakati ule haikuwa kupanda gari ukaenda. Ulihitaji pasi, na pasi ilitaka neno la hedimani, na watu walisubiri neno hilo mpaka wagonjwa wao wakazikwa. Mama alilipata siku ileile. Ati alimwonea huruma. Hata ofisini kwa mzungu alimsindikiza yeye mwenyewe.

Kabla ya kuondoka mama alitoa hendeli juu ya meko, akaifuta masizi, akaiweka mbele ya baba. "Mpe fundi ilale kwake mpaka nirudi," akasema. Baba akakunja uso. Hendeli ya kampuni ilale kwa mwajiriwa, mtu wa Kiambere asiye na hata shimo la kuchoma viazi hapa? Watu watasema nini? "Ndiyo maana nakwambia yeye," mama akasema. Baba akaitikia. Mama akaondoka na kibahasha chake cha pasi ndani ya kanga, na mimi niliyesimama mlangoni nilimsikia baba kwa masikio yangu akisema ndiyo.

Hakuipeleka. Aliitundika juu ya meko yale yale. Alikuwa mwenyekiti, alikuwa amepigana Burma, alikuwa na koti lake bado. Iweje amkabidhi mtu wa kukodi chumba? Fundi aliendelea kuja asubuhi na kurudisha jioni kama kawaida, na kwa macho hakuna kilichobadilika. Lakini sasa hendeli ilikuwa mkononi mwa mtu asiyeweza kumnyima hedimani, na hedimani alilijua hilo kabla sufuria ya jioni haijateremshwa.

Pasi ya mama ilikuwa ya kwenda. Ya kurudi ilimpasa aombe huko huko, na kule Embu walimwambia neno halijafika kutoka kwetu. Akabaki katika kijiji cha kaka yake, akachimba handaki la huko kama tulivyochimba la huku. Mahindi tuliyopanda alipoondoka yalikomaa bado hajarudi.

Hedimani hakuja kwa fujo. Angekuja kwa fujo pengine tungemshinda. Alikuja nyumbani jioni, akavua kofia, akaketi, akaulizia kikohozi cha baba. "Gichiaro wangu," akasema, "nina haja ndogo. Nyumba yangu ni kubwa, wanangu wanachelewa kula. Gunia langu lisagwe kwanza." Baba akasema sawa. Nilikuwa pale, namenya viazi, nikaona baba anavyosugua goti.

Baadaye akaja na haja nyingine. Homugadi wake wanakesha kulinda kijiji. Wasagiwe bila malipo. Sawa. Kisha haja ya tatu: boma la homugadi lisagiwe kwanza kabisa, na wanawake wafuate likimaliza. Sawa. Kila mara anavua kofia, kila mara anauliza kikohozi. Ikawa tunatoka handakini tunakimbia sokoni, tunakuta magunia ya boma yamepangwa mpaka mlangoni, mashine inasaga tu, na sisi tumesimama na vikapu mpaka filimbi ya lango inalia. Wengi wetu tuliondoka na mahindi tuliyokuja nayo.

Na dizeli? Wasiolipa hawanunui dizeli. Ilinunuliwa kwa kilichobaki, na kwa kuwa kilichobaki hakikutosha vyote viwili, oili ikasahauliwa. Fundi alilalamika kwa baba, akalalamika kwa wanahisa mmoja mmoja. Wanahisa walikuwa wamegeuka mabubu. Nusu yao waliogopa gichiaro, nusu waliogopa kuitwa Mau Mau, na wote walikuwa na msemo mmoja: ngoja mambo yatulie. Ngoja. Mashine haijui kungoja. Nawaambia waziwazi, sikumchukia hedimani kama nilivyowachukia wale wanaume waliojua kanuni zao wenyewe, waliozitunga kwa akili nzuri namna ile, wakaziangalia zikikanyagwa huku wakitafuna miraa.

Nilikwenda kwa baba. Nilikwenda si mara moja. Nilimwambia, baba, mtoto anaharisha. Nisagie kibaba kimoja tu asubuhi kabla ya magunia ya boma, sitaki debe, kibaba. Akanitazama kwa macho mekundu. "Unataka nimvunjie gichiaro neno? Unataka huyo mtoto alaaniwe?" Nikamwambia mtoto amekwisha laaniwa, anaishi kwa uji wa chenga. Akaniambia nishike adabu zangu. Nikashika adabu zangu, nikaenda kwenye jiwe. Nilisaga mgongo ukiniuma kwa sululu ya mchana, giza linaingia, mtoto amenikalia mgongoni mwepesi kama kifaranga, na huko sokoni ilikuwa ikisikika sauti ya mashine ya baba yangu ikisagia watu waliokuwa wakitulinda tusitoke.

Mwisho hedimani akaomba hendeli yenyewe. Kwa usalama, akasema. Watu wa msituni wakiipata wataiba mashine. Iwekwe bomani. Kama mtu anaweza kuwasha mashine ya kusagia msituni na homugadi wasisikie, mimi sijui. Lakini baba hakuuliza hilo. Aliinuka, akaitoa juu ya meko, akampa kwa mikono miwili, kama inavyopaswa kumpa gichiaro. Hedimani akashukuru kwa upole. Alipotoka, baba alikaa akitazama ule msumari mtupu, na mimi sikumwambia kitu kwa sababu nilichokuwa nacho mdomoni hakisemwi kwa mzazi.

Fundi alifukuzwa wiki hiyohiyo. Ati mtu wa Mbeere anafanya nini huku. Homugadi wakaiendesha wenyewe, mchana kutwa, bila kuipumzisha, bila oili, wakishindana nani anaijaza zaidi. Tulikuwa handakini tuliposikia mlio wake unabadilika, unakwaruza kwa mbali ng'ambo ya bonde, kisha ukakatika. Wanawake wote tuliacha sululu hewani. Mlinzi akatupigia kelele tuendelee.

Ilikuwa imejishika yenyewe ndani, chuma kwa chuma, kwa kukosa oili. Haikuwaka tena. Ilibaki kibandani mwake mpaka mabati yalipong'olewa, na baadaye chuma chake kikauzwa kwa kupimwa. Ndivyo ilivyokufa kampuni ya wasiosoma.

Mama alirudi baada ya mavuno; neno la hedimani lilifika Embu mashine ilipokwisha kufa. Aliingia kijijini mchana, sisi tumeshatoka kazini, na mzigo wake kichwani. Bibi alikuwa amefariki zamani, hata matanga yake sisi tulikuwa hatujayasikia. Hakutua mzigo kwanza. Alimchukua mtoto mikononi mwangu, akamshika mkono hapa juu, kwa vidole viwili, na vidole vikakutana. Kisha akatazama juu ya meko.

"Hendeli iko wapi?"

Baba alikuwa ameketi karibu na mlango na koti lake. Akamweleza yote. Sitasema alificha, hakuficha hata neno. Alieleza gunia la kwanza, la pili, boma, na siku ya hendeli. Kisha akasema, "Unajua kiapo chetu. Aliniomba. Nisingeweza kumkataa."

Mama akatua mzigo sasa. Akaketi, mtoto magotini. "Huyu binti yako," akasema, akinionyesha kwa kidevu, "yeye alikuomba?"

Baba akafunga kifungo cha koti lake.

"Nakuuliza wewe. Alikuomba?"

"Aliomba."

"Mara moja?"

"Aliomba mara nyingi," baba akasema polepole.

"Na wale wanawake wa foleni?"

"Nao waliomba."

"Ukawaambiaje?"

Nje watu walikuwa wakipita na kuni, wakisalimia, na hakuna aliyewaitikia.

"Basi kukataa unajua," mama akasema. Sauti yake haikupanda. "Nilidhani hujui, ndiyo maana niliogopa kukuachia kile chuma. Kumbe unajua vizuri. Umemkataa mwanao kila siku. Umemkataa huyu mtoto mpaka amekuwa hivi. Yule mtu wa ng'ambo hukumkataa hata mara moja. Kwa hiyo sisi wa nyumba yako ndio ambao hatuna gichiaro na wewe."

Nimeishi miaka mingi, nimeona watu wakipigwa, na sijaona mtu aliyepigwa kama baba alivyopigwa pale alipoketi.

Kisha akavua koti lake la jeshi, akalikunja, akaliweka chini. Akaenda pembeni penye jiwe la kusagia, akapiga magoti, akamimina mahindi, akaanza kusaga. Mlango ulikuwa wazi. Mwanamume wa rika lake, mwenyekiti, amepiga magoti kwenye jiwe kama bi harusi. Watu waliokuwa wakipita na kuni wakasimama kutazama, mmoja akamwita mwenzake. Niliinuka kwenda kumpokea jiwe, maana aibu ilikuwa yetu sote. Mama akanitazama tu, nikakaa.

Hakujua kusaga. Jiwe lilimponyoka, vidole vikachubuka, na unga ukatoka mbaya, chenga tupu, na ganda lote ndani yake. Mama aliukusanya bila kuuchekecha, akaukorogea uji vivyo hivyo. Akajaza bakuli la kwanza, akampa baba mkononi, akasimama mbele yake mpaka akalimaliza.